Ndoo Kati ya Meza Mbili

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza. Imeanza saa nane na robo, ikakatika saa tisa kasoro robo.

Asubuhi Katibu aliniita ofisini kwake. Kuanzia wiki hii nahamishiwa Kamati ya Pamoja ya Usalama, ile iliyoundwa baada ya mlipuko wa posta kuu mwezi uliopita, ulioua watu tisa. Wajumbe ni kumi: watano wa chama tawala, watano wa upinzani. Mwenyekiti anatoka upande wa serikali, Makamu anatoka upinzani. Wameahidiana mambo matatu mbele ya watu. Serikali haitautumia mlipuko kuwakamata wapinzani wake. Upinzani hautasema serikali ndiyo iliyolipua. Na kila taarifa ya hatari itafika kwenye meza hiyo moja kabla ya kufika kwingine.

Kilichokosekana ni karani. Kila aliyependekezwa na upande mmoja alikataliwa na wa pili. "Jina lako tu ndilo ambalo halikubishiwa," Katibu alisema. Nikauliza kwa nini. Akafungua jalada langu. "Miaka ishirini na sita unaandika mihtasari, hajalalamika mtu. Huna mume, huna mtoto, unaishi peke yako. Huna wa kumsimulia." Alisema kama mtu anayenisifu.

Kwenye fomu palikuwa na nafasi ya ndugu wa karibu. Niliandika jina la mdogo wangu wa kiume: mama mmoja, baba mbalimbali, hatuzungumzi. Nikala kiapo, nikatia saini.

Masharti nayaweka hapa nisije nikayasahau. Muhtasari unaandikwa kwa mkono, nakala moja, wino mweusi. Unasomwa kwa sauti mwanzoni mwa kikao kinachofuata, karani akiwa amesimama. Kila ukurasa Mwenyekiti anasaini kulia, Makamu kushoto; usipokuwa na saini mbili ni karatasi tu. Kabati lina kufuli mbili, kila upande una ufunguo wake. Karani hachangii, haulizi, hajibu. Sauti yake ni ya kusoma muhtasari, basi.

Na sharti langu mwenyewe: yanayosemwa ndani ya chumba kile hayataingia katika daftari hili. Humu nitaandika mvua, chai na watu.

Alhamisi, 7 Machi

Kikao cha kwanza. Chumba kiko ghorofa ya juu kabisa, zamani kilikuwa stoo ya magazeti. Kina milango miwili. Chama tawala waliingia wa mashariki, upinzani wa magharibi, na hakuna aliyewapanga. Meza ya watu kumi haikupatikana, kwa hiyo zimeunganishwa mbili zisizolingana kimo, na kati yake kuna ufa ambao kalamu ikitumbukia usiitafute. Kila upande ulikuja na chupa yake ya chai. Mama Chai, anayepikia jengo zima, alisimama na sinia lake mlangoni akawatazama. "Kwa hiyo mimi nimewapikia kuta?"

Saa nne na nusu mvua ikashuka, na paa likaanza kuvuja juu ya ule ufa, katikati kabisa.

"Tone limeangukia kwenu," akasema Mwenyekiti. Ni mwanajeshi mstaafu, anakaa wima kama anapigwa picha.

"Paa ni la serikali, mheshimiwa," akajibu Makamu. Huyu alifundisha hesabu sekondari kabla ya siasa, na wenzake mpaka leo wanamwita Mwalimu.

"Maji ni ya Mungu."

"Basi serikali na Mungu wakae waelewane, maana tunaolowa ni sisi."

Hakuna aliyecheka. Nilikwenda kuleta ndoo. Niliiweka juu ya ufa, nusu huku nusu kule, na kwa kuwa meza hazilingani nikaikingia kitabu cha simu cha zamani chini. Ikatulia.

Leo nimepita mlango wa mashariki. Wiki ijayo nitapita wa magharibi. Nitakuwa nikibadilisha.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua kutwa. Nimefua, hazikukauka.

Jumatatu, 11 Machi

Saa nzima na nusu wamebishania orodha ya waliohudhuria, majina ya nani yatangulie. Mmoja akataka kwa vyeo, mwingine kwa umri, mwingine akasema basi zipigwe kura, wakacheka kwa sababu ni watano kwa watano. Sikuruhusiwa kusema, nikageuza karatasi ya muhtasari nikawaonyesha nilivyokwisha kuandika: kwa mzunguko wa meza, kuanzia kwenye ndoo. Mwalimu alivua miwani, akasoma, akamsogezea Mwenyekiti. Mwenyekiti akasaini. Ndoo ndiyo inayotuongoza sasa.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Kikao. Nimeimwaga ndoo mara mbili.

Jumapili, 17 Machi

Nimetembea mpaka stesheni ya treni, nikasimama upande wa pili wa barabara chini ya mwavuli. Mdogo wangu anakata tiketi dirisha la tatu. Nilimwona kichwa tu, na ile kofia ya chama cha upinzani ambayo msimamizi wake amemkataza mara nyingi asiivae kazini. Alikuwa anacheka na mpagazi mmoja mrefu. Sikuvuka barabara.

Ni miaka mitatu. Mama alizikwa saa nane mchana. Siku hiyo palikuwa na kikao cha bajeti, nami nilisema nitatoka kikiisha. Nilifika makaburini saa kumi na moja, kalamu bado nimeichomeka kwenye nywele. Watu walikuwa wanakunja mikeka. Mdogo wangu alinitazama kalamu ile, akasema mbele ya ukoo mzima: "Karibu, karani. Muhtasari wa maziko utaandikwa na nani?"

Nilichomoa kalamu nikaificha kiganjani. Tangu siku hiyo hatuzungumzi.

Alhamisi, 21 Machi

Leo upinzani walisahau chupa yao. Saa tano Mwenyekiti alisukuma yake kuvuka ufa, akaendelea kusoma. Mwalimu akamimina, akanusa. "Haina sukari."

"Nina kisukari."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoanza kuwasikiliza nyinyi bungeni."

Safari hii walicheka, wote kumi. Mimi niliinama kwenye karatasi.

Jumatatu, 25 Machi

Chupa moja tu ya chai, ya Mama Chai. Anatamba ukumbini kwamba amewapatanisha.

Alhamisi, 28 Machi

Nilikuwa nawaona wote ni wale wale, mashariki na magharibi. Naanza kuwatofautisha. Mwenyekiti ana kitambaa mfukoni chenye majina tisa ya waliokufa posta, ameyaandika kwa kalamu ya wino na yanafifia kwa jasho. Hukitazama anapotaka kukasirika, halafu hakasiriki. Mwalimu anaumwa mgongo na anaficha. Vijana wa chama chake wamemchora ukutani akiwa na kikombe, wakaandika chini kwamba amenunuliwa kwa chai. Ameniuliza nikifunga jalada: "Umeuona ule mchoro, mama karani?" Nikaitikia kwa kichwa. "Pua wameikosea," akasema.

Upande wa pili nako si kwema. Mwenyekiti anaambiwa na wenzake kwamba amewapa maadui ufunguo wa nyumba.

Nikitoka pale nashuka ngazi nikiwa nimejaa maneno mpaka hapa shingoni. Jirani ananiuliza, "Kazi?" Nasema, "Njema." Nafunga mlango.

Jumapili, 31 Machi

Nimepika, nimebakiza, nimekula tena jioni.

Alhamisi, 4 Aprili

Mvua. Tone limehamia upande wa mashariki kiasi cha shubiri moja. Nimesogeza ndoo.

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua. Kikao kifupi.

Alhamisi, 11 Aprili

Leo navunja sharti langu. Nisipoandika nitapasuka.

Kuna ofisa wa usalama anayekuja na ramani amezikunja ndani ya bomba la plastiki. Jina lake halitajwi, kwenye muhtasari anaandikwa "mtaalamu". Mimi moyoni namwita Mtu wa Ramani. Leo alitandaza ramani juu ya meza zote mbili, ikabidi ndoo ishushwe sakafuni. Akaweka kidole. Nilikuwa nimekaa nyuma yake, nikaona kidole kabla ya kusikia jina. Stesheni ya treni.

Jumamosi tarehe 20, treni ya saa moja asubuhi. Watu watatu, mkoba mmoja. Wanapolala hapajulikani, wanapokwenda panajulikana. Mpango ni kuwaacha waje. Askari waliovaa kiraia watakuwa lango la nje, watawakamata pale kabla hawajaingia ukumbini. Lakini stesheni lazima ionekane kama siku zote: madirisha wazi, wapagazi kazini, mfagiaji na ufagio wake. Wakihisi kitu watageuza, na safari nyingine hatutajua ni wapi.

Mwalimu akauliza, "Na wale waliomo ndani? Mkichelewa kuwakamata hao watatu kwa nusu dakika?"

Mtu wa Ramani akasema, "Hatutachelewa."

"Sijakuuliza kama mtachelewa. Nimekuuliza mkichelewa."

Tone likawa linaanguka kwenye ndoo chini. Mwenyekiti akatoa kitambaa chake, akakitandaza juu ya ramani, na watu wote wakaangalia majina yale. "Mwalimu," akasema, na sijawahi kumsikia akimwita hivyo, "mimi sitaki kuongeza la kumi. Kama una njia nyingine niambie, nami nitakuunga mkono mbele ya chama changu."

Mwalimu alivua miwani. Akasema hana.

Waliafiki wote kumi. Nadhani hakuna siku nyingine ambayo walioitwa maadui walikubaliana jambo zito namna ile kwa sauti ndogo namna ile. Nami niliandika, kwa wino mweusi, mwandiko wangu ule ule: Wajumbe wote waliafiki kwamba wafanyakazi wa stesheni wasijulishwe.

Dirisha la tatu linatazamana na lango.

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 13 Aprili

Mvua. Nimepanga kabati lote la nguo, nikalipangua.

Jumapili, 14 Aprili

Nimehesabu: wajumbe kumi, mtaalamu mmoja, mimi. Kumi na wawili wanaojua. Kila mmoja wao ana mtu nyumbani anayeweza hata kumtazama usoni akahisi. Mimi nina ukuta. Ndiyo maana walinichagua, na walichagua vizuri.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimesoma muhtasari wa Alhamisi nikiwa nimesimama. Sauti haikutetemeka. Walisaini kulia na kushoto. Nilijichukia kwa jinsi nilivyosoma vizuri.

Jumanne, 16 Aprili

Saa saba mchana, saa ya chakula, nimekwenda stesheni. Nilipanga foleni dirisha la tatu, watu sita mbele yangu. Zamu yangu ilipofika hakuinua kichwa.

"Abiria, wapi?"

"Ni mimi."

Akainua. Akairudisha kofia nyuma. "Naona. Abiria, wapi?"

"Jumamosi usije kazini."

"Umekuja kukata tiketi au kunifukuza kazi?"

"Sema unaumwa. Sema tumbo. Kaa nyumbani na mkeo."

Akacheka kwa pua. "Miaka mitatu hujanijulia hali, leo unanipangia mpaka ugonjwa." Halafu akaniangalia sawasawa, kicheko kikamkauka. Akasogeza mdomo kwenye kitundu cha kioo. "Dada. Unajua nini?"

"Sijui kitu."

"Mama mkubwa, tiketi au hadithi?" akapiga kelele mwanamume mmoja nyuma yangu. "Wenzio tuna safari!"

Nikataja kituo cha karibu kabisa, kinachofuata. Akanikatia tiketi, mkono wake ukagusa wangu chini ya kioo. Nimerudi ofisini kwa miguu, na tiketi nimeihifadhi humu, kati ya kurasa.

Nimefanya. Sijutii. Nimeandika neno hilo mara mbili kwenye karatasi ya pembeni kuona kama ni kweli.

Alhamisi, 18 Aprili

Kikao. Mwenyekiti amemletea Mwalimu mto wa kuegemea mgongo. Mwalimu hakushukuru, aliuegemea tu.

Jumamosi, 20 Aprili

Niliamka saa kumi na moja. Mvua ya mfululizo. Nilikaa kando ya redio nimevaa viatu.

Saa moja, hakuna. Saa mbili, hakuna. Saa tatu mtangazaji akasema, kwa sauti ya mtu anayesimulia kituko, kwamba wafanyakazi wote wa zamu ya asubuhi stesheni hawakufika kazini. Wakata tiketi, wapagazi, mfagiaji, hata bibi anayeuza karanga ukumbini. Madirisha yote yalibandikwa karatasi: LEO IMEFUNGWA. Abiria walinung'unika, wakarudi makwao. Treni ilifika, ikaondoka na mabehewa matupu.

Hakuna aliyekufa. Hakuna aliyekamatwa. Wale watatu bila shaka walifika mpaka pembe ya barabara, wakaona stesheni imekufa ganzi, wakageuza. Wako mahali fulani na mkoba wao.

Nilimwambia mmoja.

Jumatatu, 22 Aprili

Chupa mbili za chai. Kila mtu na mlango wake, na mto wa mgongo umerudishwa, umewekwa kwenye kiti cha Mwenyekiti kama barua.

Mtu wa Ramani alitoa taarifa. Jana walimchukua mkata tiketi wa dirisha la tatu, kwa kuwa wenzake wote kumi na mmoja wanasema yeye ndiye aliyewaambia. Wamemhoji kutwa. Kila akiulizwa amejuaje, anasema ameota.

"Ameota!" akafoka mjumbe mmoja wa mashariki. "Huyo ana kofia yenu kichwani. Ndoto hiyo imetoka ofisi za chama chenu."

"Mimi simjui huyo mtu," akasema Mwalimu.

"Watu wako wanakujua wewe."

"Na kama ni nyinyi?" akadakia mwingine wa magharibi. "Hakukuwa na watu watatu wala mkoba. Mmetuletea ramani ili mtu wetu akamatwe!"

Mwenyekiti alitafuta kitambaa chake mfukoni, hakukiona, akapiga meza. Ndoo ikaruka, maji yakamwagika kwenye karatasi za pande zote mbili. Hakuna aliyenyanyuka kufuta. Nilifuta mimi, nikipita nyuma ya kila kiti, na hakuna aliyenitazama. Walitafuta msaliti katika chumba cha watu kumi na wawili, wakahesabu kumi na mmoja. Majina yetu mimi na mdogo wangu hayakutani kwenye karatasi yoyote ila ile fomu, na fomu iko kwenye droo ya Katibu. Hata kushukiwa sikushukiwa.

Wamekubaliana jambo moja tu: Alhamisi kitakuwa kikao cha mwisho, cha kufunga. Ijumaa upinzani wataitisha mkutano wa hadhara kusema serikali ilitunga njama. Serikali imeandaa orodha ya kukamatwa. Kila kitu walichoahidiana tangu Machi kinaondoka na siku hizo mbili, na wale watatu hawatahitaji hata mkoba.

Jumatano, 24 Aprili

Wamemwachia mdogo wangu jana kwa sharti la kuripoti kila asubuhi. Nimekwenda kwake mchana. Sijawahi kufika nyumba ile. Wifi alifungua, akanitazama toka kichwani mpaka viatuni. "Ingia, wifi. Yuko nyuma."

Alikuwa amekaa kwenye ngazi, shavu la kushoto limevimba.

"Nilikuambia wewe," nikasema. Sikumsalimia hata. "Wewe peke yako. Nilikuambia useme tumbo."

"Matumbo kumi na mawili," akasema. "Nilisema tumbo, na wenzangu nao."

"Umeharibu kila kitu. Hujui ulichoharibu."

"Sijui, kwa sababu hukuniambia. Ulikuja na uso kama wa siku ile ya hospitali ya mama, ukaniambia nisije. Sasa ulitaka nifanyeje, dada? Nilale, nitazame dari, huku Mrefu anabeba masanduku? Ana watoto wanne yule. Bibi wa karanga ananilimbikizia maganda matupu akinitania kila siku. Nimkute Jumatatu kaburini, nimwambie mimi niliumwa tumbo?"

Mvua ilikuwa inachuruzika kwenye bati mbele yetu.

"Kwa nini hukunitaja?" nikauliza.

"Wangekufanya nini?"

"Sijui."

"Basi." Akalishika shavu lake. "Bado nina hasira na wewe, usidhani. Lakini wewe ni dada yangu, na wao ni watu wa kunipiga."

Nilipoondoka hakunisindikiza. Wifi alinipa mwavuli, wangu niliusahau ofisini.

Nimefikiria njia nzima. Kumi waliamua kwamba watu wote wa stesheni wabaki, ili wengi wapone. Mimi niliamua mmoja atoke, wengine wabaki. Mkata tiketi peke yake ndiye ambaye hakuacha mtu. Na sisi ndio tuliokula kiapo cha usalama.

Alhamisi, 25 Aprili

Jana niliandika muhtasari wa Jumatatu nyumbani, kinyume cha utaratibu, kisha nikaunakili asubuhi kwenye karatasi rasmi. Naandika haya nikiwa nimesharudi. Nataka mpangilio uwe sahihi.

Sikukumbuka leo ni zamu ya mlango gani. Nilisimama ukumbini na jalada mkononi kama mgeni. Nikaingia wa magharibi kwa kuwa ulikuwa wazi.

Mwenyekiti alisema, "Kikao kimefunguliwa. Karani." Nikasimama. Nilisoma waliohudhuria, kuanzia kwenye ndoo. Nilisoma matusi yao, yaliyopunguzwa makali jinsi tunavyofanya: mjumbe alieleza kutoridhishwa, mjumbe mwingine alipinga. Nilipofika Yatokanayo nikasoma hivi, nayanakili neno kwa neno:

"Kuhusu siri ya Kamati kutoka nje. Siku ya Jumanne tarehe 16 Aprili, saa saba mchana, karani wa Kamati alikwenda dirisha la tatu la stesheni akamtaka mkata tiketi asifike kazini Jumamosi. Mkata tiketi ni mdogo wake. Hakumweleza sababu. Hakuna mjumbe wa upande wowote aliyehusika. Ushahidi ni tiketi aliyokata, na fomu ya kiapo iliyo kwa Katibu."

Nikaweka tiketi juu ya meza, kando ya ndoo.

Mjumbe mmoja wa mashariki ndiye aliyeanza. "Karani haruhusiwi kusema kitu humu!"

"Hajasema," akajibu Mwalimu polepole. "Amesoma muhtasari."

Mwenyekiti aliichukua tiketi, akaisoma tarehe, akampa Mwalimu. Mwalimu akaisoma, akamrudishia. Wanaume wawili wazima wakapeana kipande kile cha karatasi mara tatu. Kisha Mwenyekiti akanigeukia. Nilingoja anifokee. Akasema, "Una ndugu wangapi?"

Sikuruhusiwa kujibu. Nikaonyesha kidole kimoja.

Akatikisa kichwa. "Na wale watatu wako nje, mama. Unalijua hilo? Wakilipua kwingine utalibeba."

Nalijua. Nilitazama sakafu.

Mwalimu ndiye aliyechukua kalamu kwanza. Akasaini kushoto. Mwenyekiti akasaini kulia. Hakuna aliyebishia neno, ndio muhtasari pekee uliopita hivyo tangu tuanze. Nikiwa nakusanya kalamu zangu, ndoo ilikuwa imejaa hadi ukingoni. Nikanyoosha mkono kwa mazoea, Mwenyekiti akasema, "Acha." Akashika mpini upande wake, Mwalimu akashika kwa chini upande wake huku akiguna kwa mgongo, wakaibeba mpaka dirishani wakiwa wanagombana nani anakwenda haraka mno.

Nilitoka wangali wanamwaga.

Ijumaa, 26 Aprili

Mkutano wa hadhara umeahirishwa. Redio haikutaja sababu. Nimepeleka daftari hili kwa Katibu, kwa kuwa siri ya Kamati imo humu.

Jumatatu, 6 Mei

Daftari limerudishwa leo, na ile tiketi ndani yake. Wametoa nakala. Mambo yenyewe yalikwishatangazwa redioni, siri iliyobaki humu ni yangu mwenyewe. Ofisa aliyelisoma aliniuliza swali moja tu, kwa nini naandika mvua.

Nimeachishwa kazi. Shauri langu litasikilizwa mwezi ujao.

Alhamisi, 9 Mei

Saa nne nilijikuta nimesimama katikati ya chumba changu. Hakuna wa kumsomea.

Jumanne, 14 Mei

Mama Chai amenitembelea, amepanda ngazi zote na chupa yake. Kamati inaendelea. Wamepata karani mwingine, mwanamume mwenye mke na watoto sita. "Anaandika vibaya," akasema, "lakini anacheka." Paa limezibwa. Ndoo bado iko mezani, wamekataa iondolewe, maana orodha inaanzia hapo.

Jumatatu, 20 Mei

Redio. Mwenyekiti na Mwalimu walizungumza kwa zamu, sentensi huyu, sentensi yule. Wawili wamekamatwa na mkoba. Wa tatu hajulikani alipo.

Kila mlango unapobamizwa mahali, namfikiria huyo wa tatu.

Jumatatu, 27 Mei

Wiki nzima bila mvua. Niliutoa mwavuli wa wifi ili niurudishe, nikaona niupitishe stesheni.

Foleni ilikuwa fupi. Nilisukuma tiketi ya zamani chini ya kioo. Aliigeuza huku na huku. Hana kofia, wamemrudisha kazini kwa sharti hilo.

"Hii imeisha muda."

"Sikuisafiria."

"Kesi yako lini?"

"Tarehe kumi."

Nyuma yangu mtu akakohoa kwa makusudi. Mdogo wangu aliingiza tiketi kwenye droo, hakunirudishia. "Dada, kaa benchi lile pale. Natoka saa kumi."

Nimekaa. Naandikia hapa hapa, daftari gotini. Ni saa tisa na dakika arobaini. Mpagazi mrefu amepita mara mbili na masanduku. Bibi wa karanga anabishana na mteja. Chini ya benchi la mbele kuna mkoba wa kahawia hauna mtu. Nimeutazama dakika moja. Dakika mbili. Nimesimama, nimekwishafungua mdomo kuita, mwanamke mmoja ametoka chooni anajifuta mikono, ameuchukua, amenitazama kwa wasiwasi. Nimekaa tena.

Saa kumi kasoro dakika mbili. Dirisha la tatu limeshushwa pazia.